Kashfa ya MV Faina: Vifaru 33 vilivyofichua njia ya silaha kutoka Mombasa hadi Juba

Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya mizigo MV Faina katika Bahari ya Hindi ikiwa njiani kuelekea bandari ya Mombasa. Walidhani wamepata meli ya kawaida. Walipofungua mlango wa ghala la meli walikuta vifaru 33 vya aina ya T-72, mitambo ya kurushia roketi, mizinga ya kutungulia ndege na maelfu ya risasi na makombora. Kuanzia siku hiyo suala halikuwa tena la uharamia peke yake. Swali lililoulizwa Nairobi, Kiev, Khartoum na Washington lilikuwa moja: mzigo huu ni wa nani?

Jibu la serikali ya Kenya lilikuwa kwamba ni wa jeshi la Kenya. Hati za mzigo zilionyesha jambo jingine, na miaka miwili baadaye nyaraka za siri za Marekani zikathibitisha yale ambayo mabaharia na makarani wa Mombasa walikuwa wakiyasema tangu wiki ya kwanza. Silaha hizo zilinunuliwa kwa ajili ya serikali ya Sudan Kusini, na Faina haikuwa meli ya kwanza kuzileta.

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wanaotumia njia ya Mombasa, kashfa hii ina umuhimu wake wa pekee. Hakuna tukio jingine lililoonyesha wazi kiasi hicho jinsi mzigo unavyoweza kupita bandari, reli na mpaka ukiwa na jina la mpokeaji mmoja kwenye karatasi na mwenye mali mwingine kabisa.

Meli na mzigo wake

Faina ilikuwa meli ya aina ya Ro-Ro, yaani ile ambayo magari huingia na kutoka yenyewe kwa magurudumu bila kunyanyuliwa na kreni. Ni aina ileile ya meli zinazoleta magari yaliyotumika kutoka Japani hadi Mombasa na Dar es Salaam. Ilikuwa meli kuukuu, imeundwa miaka ya 1970, ikipeperusha bendera ya Belize na kuendeshwa na kampuni ya Ukraine. Ilipakia mzigo katika bandari ya Oktyabrsk, karibu na mji wa Mykolaiv, bandari iliyokuwa ikijulikana kwa usafirishaji wa silaha tangu enzi za Umoja wa Kisovieti.

Ndani yake kulikuwa na mabaharia 21. Kati yao 17 walikuwa raia wa Ukraine, watatu Warusi na mmoja wa Latvia. Mzigo wote ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 2,000. Mbali na vifaru kulikuwa na mitambo ya roketi ya BM-21, ile inayobebwa juu ya lori na kufyatua roketi nyingi kwa mfululizo, mizinga ya kutungulia ndege, pamoja na silaha za RPG-7 za kubebwa begani.

Kifaru kimoja cha T-72 kina uzito wa zaidi ya tani 40. Huo si mzigo wa kutia juu ya trela yoyote na kuingia barabarani. Mzigo wa namna hiyo unataka reli, na ndiyo maana habari ya Faina haikuishia gatini. Ilikuwa pia habari ya mabehewa.

Herufi nne zilizoleta matatizo

Ndani ya siku chache baada ya utekaji, serikali ya Kenya kupitia kwa msemaji wake Alfred Mutua ilitangaza kwamba vifaru ni mali yake, na kwamba vilinunuliwa kutoka Ukraine kwa ajili ya kuimarisha jeshi. Ukraine nayo ikasema hivyo hivyo. Kwenye karatasi za nje, walikuwa na haki ya kusema hivyo. Muuzaji alikuwa shirika la serikali ya Ukraine, mnunuzi aliyeandikwa alikuwa Wizara ya Ulinzi ya Kenya, na hati ya mtumiaji wa mwisho ilitaja Kenya.

Tatizo lilikuwa katika orodha ya shehena. Nakala yake iliwafikia waandishi wa habari, na katika namba za mikataba, baada ya herufi za Wizara ya Ulinzi, zilikuwepo herufi nne: GOSS. Katika mwaka 2008 kila dereva aliyekuwa akipeleka saruji, bia au unga Juba alizijua herufi hizo. Zilikuwa zimebandikwa kwenye milango ya magari ya serikali, kwenye risiti za ushuru na kwenye vibali vya kuingia. Zilimaanisha Serikali ya Sudan Kusini kwa kifupisho chake cha Kiingereza.

Maofisa wa Kenya walieleza kwamba herufi hizo ni za ndani ya wizara, na kwamba maana yake ni idara inayohusika na ugavi wa jumla wa zana na usalama. Maelezo hayo hayakuwaridhisha wengi. Ilikuwa ni sadfa kubwa mno kwamba idara ya ugavi ijipe kifupisho kilekile cha serikali jirani iliyokuwa ikitafuta vifaru.

Kulikuwa na sababu nyingine ya mashaka ambayo mtu yeyote anayefanya biashara ya vipuri angeiona mara moja. Jeshi la Kenya lilikuwa likitumia vifaru vya Vickers vya Uingereza, vyenye mzinga wa milimita 105. T-72 ni ya muundo wa Kirusi, mzinga wake ni wa milimita 125, injini, minyororo na vipuri vyake vyote ni tofauti. Mwenye karakana ya magari ya Kijapani haamki siku moja akanunua malori 33 ya Kirusi bila fundi, bila vipuri na bila dereva aliyefunzwa. Jeshi la ukombozi la Sudan Kusini, SPLA, kwa upande wake lilikuwa limezoea silaha za Kirusi kwa miaka mingi ya vita msituni, nyingi zikiwa zimetekwa kutoka kwa jeshi la Khartoum lenyewe.

Aliyesema, akakamatwa

Mtu wa kwanza kusema hadharani kwamba mzigo haukuwa wa Kenya alikuwa Andrew Mwangura wa Mombasa, kiongozi wa shirika la kuwasaidia mabaharia wa Afrika Mashariki. Mwangura alikuwa chanzo cha habari cha karibu kila mwandishi aliyeandika juu ya uharamia miaka hiyo, kwa kuwa alizungumza na mabaharia, na familia zao, na mawakala wa meli. Alisema shehena ilikuwa ya Sudan Kusini, na kwamba haikuwa ya kwanza mwaka huo.

Mwanzoni mwa Oktoba 2008 polisi walimkamata. Alishtakiwa kwa kutoa taarifa za kuzua hofu, na shtaka la kupatikana na bangi likaongezwa. Aliyakana mashtaka na baadaye akaachiwa kwa dhamana. Mabaharia wa Faina wakati huo walikuwa bado wanashikiliwa kwa mtutu wa bunduki, na aliyekuwa akiwasemea alikuwa rumande.

Si yeye peke yake aliyesema. Msemaji wa kikosi cha tano cha jeshi la majini la Marekani, chenye makao yake Bahrain, naye alieleza kwamba taarifa walizo nazo zinaonyesha mzigo ulikuwa ukielekea Sudan. Huyo hakukamatwa.

Miezi minne pwani ya Hobyo

Maharamia waliipeleka meli pwani ya Somalia, karibu na Hobyo, ikatia nanga huko. Manowari ya Marekani, USS Howard, iliifuata na kukaa mahali ambapo ingeweza kuiona, na nyingine zikaungana nayo baadaye. Shabaha ya kwanza haikuwa kuwaokoa mabaharia bali kuhakikisha kwamba silaha hazishuki nchi kavu, kwa hofu kwamba zingeingia mikononi mwa makundi yaliyokuwa yakipigana Somalia. Urusi pia ilituma manowari yake Neustrashimy.

Hofu ya kushushwa kwa vifaru ilitiwa chumvi kidogo. Pwani ile haina gati wala kreni ya kazi hiyo. Silaha ndogo ndizo zingeweza kuchukuliwa kwa mashua. Maharamia wenyewe, kupitia kwa msemaji wao Sugule Ali aliyezungumza na waandishi kwa simu ya setilaiti, walisema wanataka fedha tu. Walianza na dola milioni 35, wakateremka hadi milioni 20, kisha chini zaidi. Wakati mmoja walitishia kuilipua meli pamoja na watu waliomo.

Nahodha Vladimir Kolobkov alifariki siku za mwanzo za utekaji kutokana na maradhi ya moyo. Mwili wake ulihifadhiwa ndani ya meli hiyohiyo. Msaidizi wake, Viktor Nikolsky, ndiye aliyeshika uongozi hadi mwisho.

Kikombozi cha dola milioni 3.2 kilidondoshwa kutoka kwenye ndege mwanzoni mwa Februari 2009. Tarehe 5 Februari maharamia wa mwisho waliteremka, na tarehe 12 Februari Faina iliingia Mombasa. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa imesisitiza kwa zaidi ya miezi minne kwamba vifaru ni vyake, kwa hiyo vilipofika haikuwezekana kufanya lolote ila kuvipokea. Vilishushwa, vikapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa kwa treni hadi kambi ya jeshi ya Kahawa, nje ya Nairobi. Picha za treni ile zilichapishwa magazetini, na safari hii kila mtu alikuwa akiitazama.

Meli zilizotangulia

Kwamba Faina haikuwa ya kwanza ilikuwa habari ya vijiwe vya Mombasa kabla ya kuwa habari ya magazeti. Watafiti wa masuala ya silaha walitaja meli nyingine zilizoleta shehena za aina hiyo kutoka Ukraine, mojawapo ikiwa Beluga Endurance, meli ya Kijerumani iliyofika Mombasa mapema mwaka 2008.

Inafaa kukumbuka hali ilivyokuwa miezi hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya ilitumbukia katika machafuko. Barabara ya kwenda Malaba ilifungwa kwa vizuizi, reli iling'olewa Kibera, Uganda na Rwanda zikakosa mafuta, na makontena ya wafanyabiashara yakarundikana Mombasa huku gharama za kukaa bandarini zikihesabiwa siku baada ya siku. Ni katika nusu ya kwanza ya mwaka huohuo ambapo vifaru vilipita. Walioandika madai ya fidia kwa mzigo wao uliooza hawakuwa na habari.

Mwezi Julai 2009 wachambuzi wa jarida la kijeshi la Jane's walitoa picha za setilaiti zilizoonyesha vifaru katika kambi karibu na Juba. Walifuatilia safari yake kwa kulinganisha picha za nyakati mbalimbali, kuanzia Kenya na kuelekea kaskazini. Serikali za Kenya na Sudan Kusini zilikana.

Washington ilijua

Mwezi Desemba 2010 mtandao wa WikiLeaks ulitoa nyaraka za siri za balozi za Marekani, na gazeti la The New York Times likachapisha zile zinazohusu Faina. Kilichobainika ni kwamba kabla ya Faina kutekwa, vifaru 67 vilikuwa vimekwisha kufikishwa Sudan Kusini. Vile 33 vya Faina vilikuwa vya kukamilisha idadi ya 100.

Lakini jambo zito zaidi lilikuwa jingine. Serikali ya Rais George W. Bush ilijua habari ya mikataba hiyo na haikuizuia. Marekani ilikuwa ikiisaidia Sudan Kusini kubadilisha SPLA kutoka kundi la msituni kuwa jeshi la kawaida, na ilikuwa tayari kufumba macho. Baada ya Rais Barack Obama kuingia madarakani Januari 2009 msimamo ukageuka. Sheria ya Marekani iliiweka Sudan yote, kaskazini na kusini, katika orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi, na nchi yoyote inayoipelekea silaha nzito ingeweza kuwekewa vikwazo.

Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 2009 maofisa wa Marekani waliiambia Kenya kwamba ikivipeleka vifaru vya Faina Juba itaadhibiwa. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, mkuu wa majeshi ya Kenya wakati huo, Jenerali Jeremiah Kianga, alieleza kwamba Kenya imechanganyikiwa na msimamo huo, kwa sababu shehena zilizotangulia zilifanyika kwa kushauriana na Marekani. Ni malalamiko ambayo mtu anaweza kuyaelewa. Kenya ilikuwa imebeba fedheha ya mzigo wa mtu mwingine mbele ya dunia nzima, na sasa ilitakiwa kubeba vikwazo pia.

Upande wa Ukraine mambo yalikwenda kwa namna yake. Maofisa wa Kiev waliendelea kusema kwamba waliiuzia Kenya. Mjumbe wa Marekani akawawekea mezani nakala ya mkataba unaoitaja Sudan Kusini kama mpokeaji. Wakasema ni wa kughushi. Ndipo akatoa picha za setilaiti za vifaru vikishushwa Kenya na kupakiwa kwenye reli, na kwa maelezo ya waraka huo, ukumbi ukavurugika kwa minong'ono.

Je, ilikuwa kinyume cha sheria?

Hapa ndipo mabishano mengi yalipokuwa, na jibu si jepesi kama magazeti mengi yalivyoliandika.

Vita vya kaskazini na kusini mwa Sudan vilimalizwa na mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, baada ya mazungumzo marefu ya Naivasha na Machakos chini ya jumuiya ya IGAD. Mkataba ule uliruhusu kusini kuwa na jeshi lake. Lakini ulikataza pande zote mbili kujiongezea silaha katika maeneo ya usitishaji vita bila idhini ya bodi ya pamoja ya ulinzi, ambamo Khartoum na Juba zote ziliwakilishwa. Idhini hiyo haikuombwa kwa vifaru hivi, na isingeweza kuombwa kwa siri.

Vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa, vilivyowekwa mwaka 2004 na kupanuliwa 2005, vilihusu Darfur tu. Sudan Kusini haikuwa chini yake. Umoja wa Ulaya ulikuwa na vikwazo vyake kwa Sudan nzima tangu 1994, lakini Ukraine haikuwa mwanachama. Hivyo muuzaji angeweza kupata mwanya.

Kilichokuwa kibaya zaidi kwa Kenya ni nafasi yake. Kenya ndiyo iliyosimamia mazungumzo ya amani. Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Mkenya, ndiye aliyekuwa mpatanishi mkuu. Mwenye kushuhudia mkataba alipatikana akisaidia upande mmoja kujihami. Wanaoitetea Kenya wanasema, na hoja yao ina uzito, kwamba Khartoum nayo ilikuwa ikinunua silaha kwa fedha za mafuta bila kujificha sana, na kwamba kusini isiyo na silaha isingefika salama kwenye kura ya maoni ya Januari 2011.

Fedha zilitoka wapi

Mkataba wa 2005 uliipa serikali ya Sudan Kusini karibu nusu ya mapato ya mafuta yaliyochimbwa kusini. Ndiyo hiyo fedha iliyofanya Juba iwe soko. Wafanyabiashara wa Arua, Gulu, Nairobi na Eldoret waliokwenda huko kuanzia 2005 walifuata fedha hiyohiyo: kulikuwa na serikali mpya yenye dola, isiyo na kiwanda, isiyo na barabara ya lami, na inayonunua kila kitu kutoka nje. Vifaru vilinunuliwa kutoka mfuko uleule uliolipia mahema, jenereta na magari ya Land Cruiser.

Tofauti ni kwamba bei ya vifaru, mawakala waliovinunua na kamisheni zao havikupita mbele ya wabunge wa Juba kwa uwazi, wala wa Nairobi. Serikali ya Juba haikuweza kununua silaha nzito kwa jina lake kwa sababu haikuwa dola huru. Ilihitaji jina la nchi nyingine kwenye hati ya mtumiaji wa mwisho, na jirani akaiazima jina. Mtu aliyewahi kutumia leseni ya uagizaji ya mwenzake kutoa mzigo bandarini anaufahamu utaratibu huu, na anajua pia kwamba siku mzigo ukizuiwa, anayeitwa ofisini ni yule mwenye jina.

Athari kwa njia ya bahari

Utekaji wa Faina haukutokea peke yake. Mwaka 2008 Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari, IMB, liliandikisha mashambulizi 111 katika pwani ya Somalia na Ghuba ya Aden, na meli 42 zilitekwa. Novemba mwaka huo maharamia waliiteka Sirius Star, meli kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia, kusini-mashariki mwa pwani ya Kenya. Lakini Faina ndiyo iliyoufanya uharamia uwe suala la usalama wa mataifa makubwa. Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni Atalanta, na manowari za nchi nyingi zikaanza kulinda njia.

Kwa waagizaji wa Mombasa na Dar es Salaam, kilichoonekana zaidi kilikuwa bima. Kampuni za bima ziliongeza malipo ya hatari ya vita, kampuni za meli zikaweka tozo ya uharamia juu ya kila kontena, na baadhi ya meli zikalazimika kuzunguka mbali zaidi na pwani. Tozo hizo zililipwa na mwenye duka wa Bukavu na Kigali kwa bei ya mafuta ya kupikia na mabati.

Baada ya hapo

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Mwezi Aprili 2012 vifaru vya T-72 vya SPLA vilionekana katika mapigano ya Heglig, eneo la mafuta mpakani na Sudan, na baadhi viliharibiwa huko. Desemba 2013 wanajeshi wa SPLA waligeuziana silaha wenyewe kwa wenyewe Juba, na vifaru vilivyonunuliwa kuwazuia watu wa Khartoum vikatumika katika mitaa ya mji mkuu. Wafanyabiashara wengi wa Uganda na Kenya waliokuwa Juba, Bor na Malakal wiki hiyo walipoteza maduka na magari yao.

Mwaka 2016 Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Julai 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiwekea vikwazo vya silaha, na kuanzia hapo ukaguzi wa mizigo inayoingia Nimule ukapata msingi wa kisheria ambao mwaka 2008 haukuwepo.

Serikali ya Kenya haijawahi kutangaza rasmi kwamba vifaru vile havikuwa vyake.